Ofisi nzima ilikuwa inaingia WiFi kwa jina la Mama Solange

Wakuu, heshima kwenu.

Hii sijasimuliwa. Imenitokea mwenyewe hapa Kigali, na wahusika wote wapo hai, wengine wanakula sambusa kantini muda huu.

Mimi ni mtu wa IT kwenye ofisi moja pale Kacyiru. Nimekulia Ngara, upande wa Tanzania, kwa hiyo Kiswahili changu mtakielewa.

WiFi yetu siyo ile ya kuweka password moja ukaendelea na maisha. Kila mfanyakazi ana username na password yake, halafu simu inakuuliza EAP method, certificate, domain... Aliyenitangulia aliacha mwongozo mrefu ambao sijaona binadamu aliyeumaliza.

Aliyeyaweza hayo mambo ni Mama Solange, sekretari wetu. Mtu wa Bujumbura kwa makuzi, na roho yake haijui kusema hapana. Ukiajiriwa tu unaambiwa, "Peleka simu kwa Mama Solange."

Anajaza visanduku vyote. Ikifika kwenye password, mwenye simu kaisahau yake, na nyuma kuna watu wanasubiri. Basi Mama anaweka jina lake na password yake, yaishe.

Siku moja mfumo ukamlazimisha abadilishe password.

Kasheshe ikaanzia hapo. Simu za watu, zikiwa na password ya zamani, zikawa zinabisha hodi kwa jina lake bila kupumzika. Mfumo ukadhani ni mwizi, ukafunga akaunti. Naifungua, inafungwa. Na akaunti ndiyo hiyo hiyo ya email na kazi zake zote.

Boss akaniita. Akasema jioni ikifika bado inajifunga, Mama Solange anaandikiwa demande d'explication. Kwa msiofanya kazi huku, hiyo ni barua ya kukutaka ujieleze, na inabaki kwenye faili lako. Mama alikuwa amebakiza wiki chache astaafu, na faili lake halikuwa na doa.

Akaja mezani kwangu, sauti ya chini.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nawasaidia tu. Sasa nitatoka kazini na barua?"

Wakuu, iliniuma. Yule mama ndiye aliyenitafutia nyumba nilipofika mji huu.

Nikakaa chini, nikatengeneza profile, yaani faili lenye mipangilio yote ya WiFi. Nikabandika QR code pale mapokezi: unascan, unaandika username na password yako, mengine yote simu inajipanga yenyewe. Kisha nikapita meza kwa meza nikiwaambia: futa WiFi ya zamani, nenda kascan.

Nilitegemea malalamiko. Waliposikia ni kwa ajili ya Mama Solange, wakapanga foleni wenyewe. Jamaa wa stoo akasema, "Ariko sha," yaani lakini jamani, "mimi nishazoea kuwa Mama Solange."

Nikafungua akaunti. Ikafungwa tena.

Ilibaki simu moja. Mfumo ulionyesha inatokea ghorofa ya juu, na juu kuna ofisi moja tu.

Nikapanda na Mama. Boss akanipa simu yake, nikafungua settings mbele yake. Jina la Mama Solange hilo hapo.

"Nani aliniwekea hii?"

"Ni mimi, Boss. Siku ile ulianza kazi, ulikuwa na haraka ya mkutano. Ulisema, Mama, nisaidie, iko inanikataa."

Boss akacheka taratibu. "Sasa tuandike barua mbili?"

Akashuka mwenyewe mapokezi, akasimama kwenye foleni nyuma ya jamaa wa stoo.

Barua haikuandikwa. Mama alistaafu na faili lake safi, na siku ya kumuaga nililia, sifichi.

Nilichojifunza: ukiweka mlango mgumu, watu hawarudi nyumbani, wanapita kwa mwenye roho nzuri, na mzigo wote unamwangukia yeye. Rahisisheni mlango.

Mpaka leo mgeni akiajiriwa anaambiwa, "Peleka simu kwa Mama Solange." Anaonyeshwa ile QR.

Haya, kwenye ofisi zenu mnaingia kwa jina la nani? Semeni ukweli.