Kadi ya Nyuma Kabisa

Katika ofisi ya kamusi, maana haiingii kitabuni kwa sababu mtu ameipenda. Lazima ipate kadi mbili, kila moja na sentensi iliyotamkwa kweli na mtu mwenye pumzi: nani kasema, kamwambia nani, lini. Bibi Kadi, mtunza masanduku, hakuwa na mchezo na sheria hiyo. Ukimletea sentensi ya kubuni, alikurudishia kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

Wiki hiyo walikuwa wamefika kwenye mzizi. Kadi zilikuwa tele: mzizi wa jino, mzizi wa neno, mzizi wa fitina, ambao mhariri mkuu alidai anauona kila wakikaa kikao. Bibi Kadi alicheka, akavuta kadi ya nyuma kabisa, na kicheko kikamkauka.

Mwandiko ulikuwa wa mumewe. Alikuwa mwandishi humo humo, meza ya dirishani, na miaka tisa iliyopita aliiinamia meza hiyo baada ya chakula cha mchana asiinuke tena.

"Mzizi: haki ya kurudi mahali. Mfano: Nenda zako, huna mzizi katika nyumba hii. Kasema: mke. Kamwambia: mume."

Tarehe ilikuwa ya siku ile ile aliyofariki.

Waligombana asubuhi hiyo kwa ajili ya sukari. Sukari tu, jamani! Mume hakujibu, alitoka, akafunga mlango taratibu. Tangu hapo Bibi Kadi alikuwa akiusikia mlango ule ukifungwa, jikoni, sokoni, hata katikati ya maongezi, na kila mara alijiambia kwamba yule mzee hakuwa mtu wa kuweka neno moyoni. Kumbe alilibeba hadi kazini, akaliandika kwa wino. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mhariri mkuu alichungulia begani kwake. "Maana hii ina kadi moja tu, mama. Itupe."

Kuitupa hakuweza, ndiyo iliyokuwa kazi ya mwisho ya mkono ule. Kuiacha peke yake pia hakuweza, kwa kuwa neno lile lingebaki la mwisho kati yao.

Wenzake walipokwenda kula, alivuta kiti akakaa mbele ya meza ya dirishani. Akasema kwa sauti, taratibu, kisha akaandika kadi mpya.

Mhariri aliisoma aliporudi. "Rudi, baba, mzizi wako uko kwangu. Kasema: mke. Kamwambia: mume." Akaivua miwani. "Mama, mume si ndiye marehemu?"

"Ndiye."

"Sheria inasema mtu mwenye pumzi."

"Msemaji ni mimi. Sipumui?"

Mhariri akaiweka kadi nyuma ya ile ya kwanza. "Haya. Na yeye kasemaje?"

"Bado hajajibu," akasema Bibi Kadi, akamwomba asiufunge mlango anapotoka.