Kisiwa Nilichomtajia Meneja

Wakati wa korona nilikuwa nikihudumia wazee katika kituo kimoja huko ughaibuni, mtaa wa Merrylands, na kilichonipa nguvu ni ndoto ya kufika kisiwa kidogo cha Karibiani. Nilijifunza kupiga mbizi nikiwa na miaka arobaini ili nikaone matumbawe yake. Meneja wangu nilimweleza yote: kasa wengi, magari machache, ufuo mtulivu. Mipaka ilipofunguliwa nikaomba likizo.

“Vumilia kidogo,” akasema. “Wahudumu hawatoshi.”

Alinijibu hivyo mara tatu. Kisha yeye mwenyewe akaenda likizo, na aliporudi akatuonyesha picha kwenye simu yake wakati wa chai. Kisiwa kilikuwa kilekile. Hata nyumba ya wageni niliyomtajia ndiyo aliyofikia.

“Ulisema kweli, ni pazuri mno!” akaniambia huku akicheka.

Nikajaza fomu ya likizo palepale, nikaiweka juu ya simu yake.

“Tia sahihi sasa hivi, la sivyo kesho usinitarajie.”

Akatia sahihi bila kunitazama usoni.

Nilikwenda. Kasa alinipita karibu kabisa, mkubwa, hana haraka, nami hata chini ya maji nilikuwa bado nimemkasirikia yule meneja.