Mkanda wa Baba Kizuizini

Watu wakinisifia kamera za dijitali mimi hunyamaza, maana nikianza kubisha siachi. Miaka ya tisini nilikuwa msaidizi wa mzungu aliyepiga sinema za wanyama kwenye kreta ya Ngorongoro. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha mikanda ya filamu ndani ya mfuko mweusi wenye mikono kama ya sweta. Unaingiza mikono, unaona kwa vidole. Mwanga ukiugusa mkanda kabla haujasafishwa, umeungua, na maji yakimwagika hayazoleki.

Siku ya mwisho tulipita gereji ya baba, Karatu, kukaza springi za gari. Baba alikuwa anaumwa kifua, amekwisha, na nyumbani hatukuwa na picha yake ya maana. Nikamwomba mzungu amalizie mkanda kwa kumpiga baba. Baba akanawa mikono kwa petroli, akavaa koti, akasimama mlangoni mpaka mkanda ukaisha.

Njiani kwenda Arusha tukasimamishwa kizuizini. Askari alikuwa akitafuta nyara za serikali. Akainua kopo la mkanda.

"Fungua."

"Afande, mkanda ukiona jua unaungua."

"Wote husema hivyo." Akaanza kubandua utepe kwa ukucha.

Mzungu akafoka kwa Kiingereza, akazidi kuharibu. Mimi roho juu. Kwa dijitali ningebonyeza tu, askari aone, tuondoke. Hilo nakubali, na linaniudhi mpaka leo.

"Afande, humo yumo baba yangu, mgonjwa. Kagua, ila kagulia humu."

Nikalitia kopo kwenye ule mfuko mweusi, nikafunga zipu. Akavua saa, akaingiza mikono. Tukasikia kifuniko kikiachia.

"Taratibu, afande. Shika kingo tu."

Alipapasa amefumba macho, jasho likimtoka puani. Nilitamani kumshika mikono.

"Anaumwa nini mzee?"

"Kifua."

Akafunika kopo mlemle gizani, akauliza kama sasa anaweza kutoa mikono.

Mkanda ulisafishwa, ukahamishiwa kwenye kaseti ya video, nayo ikatufikia baada ya mazishi ya baba. Baba alionekana safi kabisa, amesimama wima, midomo ameibana, mishipa ya shingo imemtoka. Nilikuwa nimemwambia mkanda ni ghali, asiuharibu, kwa hiyo alikizuia kikohozi toka mwanzo hadi mwisho.

Mama hakungoja iishe.

"Zima hiyo," akasema. "Mwache baba yako akohoe."