Ukuta wa Matundu

Hadi leo nikisikia mtu akisema "jengo linalopumua", damu inanichemka.

Nilikuwa fundi sanifu katika kampuni ya wasanifu majengo iliyoanzishwa Mwanza na watu wawili waliosoma chuo pamoja. Mwanamume alikuwa na maneno matamu na mkono mwepesi wa kuchora. Mwanamke alikuwa mkimya, na ndiye aliyekagua misingi na mapaa. Waliniajiri kwa sababu nimezaliwa Nyakahura. Nyumbani tulisema Kirundi, sokoni Kisubi, nao walikuwa wanapata kazi nyingi huku kwetu: maktaba ya shule huko Ngara, ghala la kahawa, kisha wodi ya wazazi kwenye zahanati ya kijiji kimoja wilayani Biharamulo.

Kila kabrasha lao lilianza na maneno haya: tunasikiliza kwanza, tunachora baadaye. Mimi niliyaamini. Kwenye maktaba tulikaa na walimu siku nzima kabla mtu hajashika kalamu, na baraza tukaipanua kwa sababu wanafunzi walisema mvua inawalowesha wakisubiri mlango ufunguliwe.

Lakini wodi ilichorwa Mwanza. Yule mwanamume, bosi wetu, alikuja na ramani imekamilika ya alichokiita jengo linalopumua, ukuta mzima wa upande wa barabara ukiwa wa matofali yaliyopangwa kwa kuachana, matundu kutoka juu hadi chini. Kikao cha kina mama kilifanyika, ndiyo, ramani ikiwa imeshabandikwa ukutani. Bibi mmoja alisimama akasema jambo kwa Kisubi, nikatafsiri: "Anauliza, kwa hiyo tutazalia barabarani?"

Bosi akacheka. "Mwambie jua likipita hapo litachora maua sakafuni."

Nilitafsiri hivyo hivyo. Bibi aliniangalia mimi, si yeye, akakaa.

Baadaye, tukiwa tumefika kozi ya tano ya matofali, nilimwambia bosi kwamba kutoka barabarani kitanda kitaonekana. "Kazi yako ni kusimamia mafundi," akanijibu. Nikasimamia mafundi. Hilo sijajisamehe.

Wodi ilipofunguliwa, wazazi wa kwanza walifunga vitenge kwenye ukuta wote. Bosi alipopata habari hakuuliza kwa nini. Alikuja na mpiga picha, kwa ajili ya shindano la wasanifu, na mwenzake akiwa naye garini.

"Toeni hivyo vitambaa," akasema.

Nesi akatoka mlangoni. "Baba, kuna mzazi ndani. Chupa imeshapasuka."

"Dakika kumi tu, dada."

Dakika kumi! Nilikwenda nikasimama mbele ya mlango. Nilimwambia kitenge hakitoki, labda anitoe mimi kwanza. Akaniita mtovu wa adabu mbele ya mafundi wangu wa zamani na wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara.

Mwenzake akashuka garini. Aliingia ndani, akamwomba nesi ruhusa. Kilisogezwa kitenge kimoja tu, upande wa pili, mbali na yule mzazi. Akavua viatu, akapanda kitanda kilichokuwa wazi, akalala chali, akainua magoti.

"Nenda barabarani," alimwita bosi kutoka ndani. "Sema unaona nini."

Tuliona kila kitu. Hata soksi yake iliyotoboka kidoleni. Wauza ndizi wakainamisha macho, na mpiga picha akafunga begi lake. Bosi peke yake ndiye aliyeendelea kuongea, eti mwanga, eti upepo, hadi sauti ya mzazi ilipomzidi. Mtoto alizaliwa siku hiyo, wa kike.

Wiki iliyofuata tulirudi mimi na yule mwenzake bosi tukaziba matundu kwa tofali na saruji hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu. Ya juu tuliyaacha, na hewa inapita vizuri kabisa.

Kampuni haikupona. Bosi alibaki na ofisi ya Mwanza. Mimi na mwenzake tulipanga chumba Biharamulo mjini, na sasa tunajenga nyumba za walimu Nyantakara. Ila nimewahi kufungua kabrasha jipya la bosi. Ukurasa wa kwanza kuna ukuta ule, uliopigwa picha kwa simu kabla mama yeyote hajaingia, sakafu ikiwa imejaa maua ya jua, na chini yake ameandika kwamba wenyeji ndio waliouomba.