Nyasi za Kuombea Zahanati

Hapa Kitengela watu huniita Mama Magofu, na sijawahi kukasirika. Kazi yangu ni kupigania majengo ya zamani yasibomolewe. Nimezozana na wenye ploti, nimepanda ngazi za ofisi za Kajiado mpaka magoti yakalalamika, na mara nyingi nimeshindwa. Lakini zahanati ile ya mawe sikuwa tayari kuipoteza. Akina mama wengi wa hapa walijifungulia humo, na mwenye ploti, aliyezaliwa humo humo, alitaka kuibomoa ajenge fleti. Ofisini niliambiwa ardhi ni yake, afanye atakavyo.

Nikawaendea akina mama wa Kimaasai. Wakasema tutamwomba kwa nyasi, maana kwao anayekunyooshea nyasi anaomba amani, na huwezi kumpita kana kwamba humwoni. Nikajitolea kuzileta. Ilikuwa kiangazi. Siku ya kubomoa, mimi mtu wa Murang'a, niliyelelewa kwenye kijani mwaka mzima, nikafika na marobota ya nyasi kavu, kifua mbele. Walicheka mpaka shanga zikalia.

"Mama, hiyo ni chakula ya ng'ombe," mmoja akasema. "Tunataka yenye iko na uhai."

Nyasi mbichi, Kitengela, kiangazi! Nikarukia bodaboda hadi kwa waosha magari wa barabara ya Namanga, ambako mtaro haukauki, nikang'oa kwa mikono yote miwili huku vijana wakinishangilia. Viatu viliharibika. Sikujali.

Niliporudi, tingatinga la kubomoa lilikuwa limeshawashwa. Wanawake wakajipanga mlangoni, nyasi zikiwadondoshea maji ya sabuni, na mbele yao mama mzazi wa mwenye ploti. Mwanawe akashuka garini akifoka, kisha akamwona mamake.

"Yeyo, hata wewe?"

"Ulizaliwa hapa, layioni lai, kijana wangu. Pokea."

Kijana akazipokea kwa mikono miwili, akamwashiria dereva azime mashine. Nilipiga vigelegele na kulia kwa pamoja, na sioni haya kusema hivyo.

Fleti alizijenga nyuma ya zahanati. Juzi tulikutana pale mlangoni.

"Mama, ile nyasi ilikuwa inanuka sabuni," akasema. "Mliitoa wapi?"

"Ilikuwa mbichi," nikamjibu. "Na ulipokea."