Pampu Isiyosikika

Mdogo wangu wa kiume alinipigia simu kutoka Morogoro kuniambia nimnyang'anye baba baiskeli. Alikuwa amepata habari kwamba bodaboda ilimpigia mzee honi mara tatu kwenye barabara ya Katindiuka, na mzee hakusogea hata kidogo, mpaka usukani ukamkwaruza kiwiko.

"Dada, yule hasikii. Siku moja utaletewa kwenye turubai."

Nilimfokea, nikamwambia asimchulie mzazi. Nilifoka kwa woga tu. Mimi ndiye niliyekuwa naishi na baba, na mimi ndiye niliyepaswa kuamua.

Baba alikuwa fundi wa pampu kwenye kiwanda cha sukari tangu ujana wake. Mama alipofariki akaja kuishi kwangu, Viwanja Sitini hapa Ifakara, akiwa na baiskeli, begi la nguo, na bisibisi moja ndefu yenye mpini wa mbao. Alikodi nusu ekari ya mpunga Katindiuka, na hilo shamba ndilo lililomwamsha asubuhi. Siku niliyomgusia habari ya kuacha baiskeli alinijibu bila kuzunguka: "Sema tu nikae barazani nisubiri kufa." Nikanywea.

Wakati huohuo nilikuwa na wazimu wangu mwingine. Mpangaji wa nyumba ya uani alihama akaniachia tangi la kioo lenye samaki wawili wa baharini, wadogo, rangi ya chungwa, wamevaa mikanda myeupe. Samaki wa baharini Ifakara, mahali pa perege na kambale! Nikawa nakinga maji ya mvua na kuyakoroga na chumvi maalumu iliyoletwa kwa basi kutoka Dar. Majirani walinicheka, na haki walikuwa nayo. Lakini niliwapenda wale samaki, na walitaka pampu ya kuzungusha maji usiku na mchana, kwani maji yakisimama wanakosa hewa.

Pampu niliyoikuta ilinguruma. Meza ilitetemeka, vikombe kabatini vikagongana, nami nikasahihisha madaftari ya wanafunzi nimejaza pamba masikioni. Nikaanza kutafuta ya kimya. Nikajifunza kwamba inayozamishwa majini hupiga kelele kidogo kuliko inayokaa nje ikisukuma hewa. Nikajifunza pia kwamba nusu ya kelele ni ya meza, na ukiiwekea pampu kipande cha kandambili chini yake meza hutulia, na kwamba mpira wa kutolea maji ukiuzamisha, yale maporomoko yanayokuharibia usingizi huisha. Muuzaji wa Dar alinisifia pampu moja ndogo nyeusi.

"Sista, hii utadhani haipo. Ila chukua na king'ora chake. Hii ikizima, hutajua."

Nilicheka, king'ora nikakiacha. "Mimi nina fundi nyumbani."

Nilisema hivyo kwa sababu wiki ileile baba alikuwa amechukua bisibisi yake, akagusisha ncha kwenye ile pampu mbovu, akabana mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Ndivyo walivyopima pampu kiwandani. "Inakwaruza ndani," akasema. "Wiki haiishi." Siku ya nne ikakwama. Nikampigia mdogo wangu palepale, nimevimba kichwa. Asiyesikia anasikiaje ugonjwa wa pampu? Akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa," bila kusema sikio la nani. Baiskeli ikabaki.

Pampu mpya ikaja, na nyumba ikapoa. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nikaanza kusikia mambo ambayo ile ngurumo ilikuwa imeyafunika. Nilisikia redio ya baba ikipanda kila jioni. Nilikuwa nikimuuliza, "Utakula wali au ugali?" naye akijibu, "Ndiyo, mama." Niliona pia kwamba nikiongea ananitazama mdomo. Yote hayo nikayaita uzee na kuyafunika tena. Maana kila asubuhi, kabla ya kutoka, aliweka bisibisi kwenye pampu, akafumba macho, akasema, "Inapiga vizuri, mama." Kwangu hiyo ilikuwa ruhusa. Alipanda baiskeli, nami nikashusha pumzi.

Asubuhi moja ya msimu wa mavuno, malori ya mpunga yakiwa yamejaa barabarani, nilichomoa plagi ya pampu ili nifute ukoko wa chumvi. Uji ukaanza kumwagika jikoni, nikaukimbilia. Niliporudi na mwiko mkononi, baba alikuwa amesimama kwenye tangi, mpini nyuma ya sikio, macho ameyafumba. Maji yalikuwa yametulia kama ya ndoo. Plagi ilikuwa juu ya meza, karibu na kiwiko chake.

"Inapiga vizuri, mama," akasema, akatabasamu huku akinitazama mdomo.

Ile mbovu ilikuwa imemtikisa mfupa, kwa hiyo alikuwa ameihisi. Hii ya kimya hakuwahi kuisikia hata siku moja. Asubuhi zote zile alikuwa akinidanganya, na mimi nilikuwa nimemnunulia kitu cha kunidanganyia.

Nilipoinua macho kutoka kwenye ile plagi, alishatoka na baiskeli. Nikamwita kutoka mlangoni. Nikamwita tena getini. Muuza vitumbua akageuka, mbwa wake akageuka, baba akaendelea kukanyaga pedeli kuelekea barabara kubwa. Lori lilikuwa linakuja upande wake, limeshikilia honi. Nikatupa mwiko nikakimbia pekupeku huku namwita, na pale kichochoro chetu kinapoingia barabarani nikaidaka keria ya baiskeli kwa mikono miwili.

Lori likapita. Upepo wake ulimpeperusha shati, na hapo ndipo aliposhtuka. Akashusha mguu chini, akageuka, akaniona miguu mitupu na uji umenigandia mkononi.

"Umeniita?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mara ngapi?"

Nilitaka kusema moja. Nikamwonyesha vidole vinne.

Akavitazama vile vidole. Kisha akashuka kwenye baiskeli, akanigeuzia kisogo, akakodolea macho lori lililokuwa likiishia kwenye vumbi.

"Ile pampu ilizimika tangu lini?" akauliza, kwa sauti kubwa mpaka muuza vitumbua akageuka tena.

Nikamwambia ni leo tu, baba, niliichomoa mwenyewe nikasahau. Alikuwa bado anatazama barabara, kwa hiyo hakujua kwamba nimemjibu.