Talaka Iliyokwamishwa na Wino wa Njano

Juzi, nikiwa kwenye duka la vifaa vya ofisi mtaani Chumbageni, mzee mmoja alibwaga katriji tupu juu ya kaunta.

"Nipe wino mweusi. Printa yangu ya nyumbani ati inadai na wa njano!"

"Bila njano haikuchapii hata nukta, mzee wangu," akajibu dada muuzaji. "Na njano tumeishiwa."

"Naandika talaka mimi! Njano ya nini?"

"Si uandike kwa mkono?"

"Mwandiko wangu hausomeki. Anayeuweza ni mke wangu tu."

Dada akamkazia macho. "Kwani hiyo talaka unampa nani?"

Mzee akaokota katriji yake, akatoka bila wino wa rangi yoyote.

Nami niliyekuwa nikiitukana printa yangu kila siku, nimekoma; kumbe ukaidi wake huokoa ndoa.